Habari Haikufika Kabonga

Ni mimi niliyewahamisha watu. Nalisema mapema asije mtu akadhani nataka kumbebesha mwingine lawama. Kundi letu kwenye ule mtandao mkubwa, ambao kila mwenye simu anaujua, lilikuwa la watu waliozaliwa au kulelewa katika mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge, na wengi wao hawapo tena Rumonge. Wako Bujumbura, Kigoma, Uvira, wengine Kanada na Uswidi, na wachache wako katika miji ambayo hata wakikutajia jina lake huwezi kulitamka. Mimi nilikuwa msimamizi kwa sababu mbili. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, kwa hiyo karibu wote nimewahi kuwapiga kwenzi. Na nilikuwa mjane mstaafu, mwenye muda. Mtu mwenye shughuli zake hawezi kukaa kutwa anasoma maneno ya watu mia kadhaa.

Kazi kubwa ya kundi ilikuwa tanzia. Harusi ziliwekwa, watoto wachanga waliwekwa, na picha za ziwa ziliwekwa ili walioko kwenye baridi wazililie. Lakini kilichowafanya watu wafungue kundi kila siku ni kutaka kujua nani amefariki. Kwetu harusi unaalikwa, msiba unausikia. Hakuna anayekupigia simu kukuambia njoo, na hakuna atakayekuuliza baadaye mbona hukuja. Ukisikia, unakwenda. Usipokwenda, wafiwa wanajua, wananyamaza, na wewe unaishi na hilo. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu, na kundi lilitusaidia kwa sababu masikio yetu yalikuwa yametawanyika.

Kisha mtandao ukaanza kutuchagulia cha kusoma. Sijui ulianza lini hasa. Ulituletea mambo ya watu tusiowajua: mwanamke anauza mafuta ya kung'arisha ngozi, mtu anacheza ngoma juu ya paa, michezo ya kubahatisha. Habari zetu wenyewe ukazisukuma chini, ukazitoa siku unayotaka. Mzee mmoja wa mtaani, fundi cherehani aliyeshona kanzu za nusu ya msikiti, alifariki Jumatatu. Niliandika tanzia saa ile ile. Mpwa wake aliyeko Bujumbura, si mbali hivyo, aliiona Ijumaa, katikati ya tangazo la dawa ya meno na video ya mbuzi anayeimba. Alinipigia simu akilia kwa hasira kwamba hakumzika mjomba wake. Na chini ya tanzia ile mtu asiyejulikana alikuwa ameweka alama ya kichwa kinachocheka.

Nami nilikasirika. Mimi nikikasirika sipigi kelele, naandika kanuni.

Kuna mwanamke wa mtaa wetu, binti wa jirani yangu, sasa mama wa watoto watatu, anayefanya kazi ya kompyuta Kanada. Ndiye aliyeniambia kwamba iko mitandao mingine isiyo na mwenyewe mmoja. Alinieleza kwa simu Jumapili mbili mfululizo, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo nilipomfundisha kugawanya.

"Madame, fikiria nyumba nyingi," aliniambia. "Kila nyumba iko na mwenyewe na masharti yake. Mutu anachagua nyumba ya kukaa, lakini barua zinapita toka nyumba moja mpaka ingine. Hakuna tajiri wa kukuchagulia. Kilichoandikwa leo kinaonekana leo, basi."

Angetufungulia nyumba yetu wenyewe, katika mashine ambayo angeiweka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Mashine hiyo wanaiita seva. Niliipenda habari hii kabla hajaimaliza. Nyumba yetu, masharti yetu, tanzia zetu kwa mpangilio wake, na hakuna mbuzi. Nilichukua daftari nikaanza kuandika masharti, nikafika kumi na saba.

Nikatangaza kuhama, nikawapa watu mwezi mmoja. Niliandika tangazo refu, na nakiri nililisoma mara nyingi mwenyewe kwa kujipendeza. Watu walishangilia. Waliweka vidole gumba, waliweka mioyo, waliandika "tuko pamoja, madame". Kushangilia hakuna kazi.

Aliyenikatalia waziwazi ni mmoja tu, rafiki yangu wa Kabonga.

Huyu rafiki inabidi nimweleze vizuri. Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na moja, familia yake ilipovuka ziwa kutoka Kivu Kusini kutafuta maisha, wakafikia uani kwetu. Wazazi wake walipata kazi kwenye michikichi ya Kigwena, naye akaachwa kwetu kwa ajili ya shule. Tulilala kitanda kimoja miaka saba. Sisi Waislamu, wao Wakristo. Jumapili mama yangu alimpigia pasi gauni la kanisani, na akichelewa kuamka alimvuta mguu akimwambia Mungu wake anamngoja. Alimwita mama yangu mama, bila kuongeza neno, na mimi aliniita yaya, dada mkubwa. Hakuacha hata tulipoota mvi. Aliolewa na mvuvi wa Kabonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, akawa mchuuzi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwa hili.

Kutoka Rumonge mpaka Kabonga si mbali kwa mwenye gari na mafuta. Lakini katika miaka hii ya kusaka mafuta, magari yakishinda kwenye foleni ya stesheni badala ya barabarani, Kabonga imesogea. Tulikuwa tunaonana mara moja kwa mwaka, mbili tukibahatika. Ila kila asubuhi, kabla sijaweka chai motoni, aliniandikia kwenye ule mtandao mkubwa: "Yaya, umeamka? Mama aliamka aje?" Mama, aliyekuwa na kikohozi cha siku nyingi, alikuwa anakaa nami, na nilikuwa nikimsomea. Namba ya simu ya rafiki yangu ilipotea na simu yangu ya zamani iliyoibiwa sokoni, wala sikuhangaika kuitafuta. Mtu unayesema naye kila siku, namba yake ya nini?

Niliposema tunahama, alinitumia sauti.

"Yaya, mimi nitabakia huku. Forfe yangu iko ya huku tu. Huko kwenu simu yangu inaomba mega zingine, na haina hata nafasi, imejaa. Na wateja wangu wote iko huku. Ni soko chafu, ndiyo. Lakini iko na watu."

Forfe ni kile kifurushi cha intaneti. Makampuni ya simu huuza kimoja cha bei ndogo kinachofungua mtandao mkubwa peke yake, na watu wengi wa pwani hii wana hicho tu. Nililijua hilo. Hata hivyo nilimjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani. Nilimwambia anayetaka hupata njia, asiyetaka hupata sababu.

Alicheka. "Haya, yaya. Wewe enda. Ukichoka utanikuta hapa."

Sikupenda kile kicheko. Ukweli ni kwamba nilitaka anifuate. Hata kama watu wote wengine wangebaki, na yeye peke yake angekuja, ningejiona nimeshinda.

Yule mwanamke wa Kanada alitutengenezea kitu alichokiita daraja. Kila tulichoandika katika nyumba mpya, daraja lingechukua nakala na kuiweka katika kundi la zamani, kwa ajili ya waliobaki. Lilikuwa la kwenda tu, halikuwa la kurudi. Maneno ya waliobaki yasingetufikia. Nilimwandikia rafiki yangu hatakosa kitu, kuna daraja. Kisha nikaufuta ule mtandao mkubwa kwenye simu yangu. Nilifanya hivyo sebuleni, mbele ya mama, kwa mbwembwe kidogo, kama mtu anayemwaga maji machafu.

Mama akauliza, "Na mwanangu wa Kabonga atanisalimia kwa njia gani?"

"Atahama, mama. Mpe wiki mbili."

Nyumba mpya ilikuwa nzuri. Hapakuwa na matangazo, wala vichwa vya kucheka, na kila jambo lilikaa mahali pake kwa saa yake. Watu kama arobaini waliingia. Baada ya mwezi waliokuwa wakiandika ni saba, na baada ya mwezi mwingine nilikuwa nikiandika salamu asubuhi, wananijibu watatu, mmoja wao ndiye mwenye seva. Nilikuwa nafagia nyumba isiyochafuka. Masharti yangu kumi na saba yalibandikwa pale juu na hapakuwa na mtu wa kuyavunja.

Nilikuwa mpweke, tena upweke wa kujitakia, ambao huwezi kumlalamikia mtu. Chai nilikuwa naiweka motoni huku natazama simu, nikijua wazi kwamba hakuna njia ya neno la Kabonga kunifikia. Ningeweza kuurudisha mtandao wa zamani kwa dakika moja. Lakini ningerudije, mimi niliyeandika lile tangazo? Nilisema moyoni akinihitaji atahama. Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Mama aliacha kuuliza, akawa anasema tu, "Leo labda upepo ni mbaya huko kwao," na mimi najifanya sikusikia.

Katika mwezi wa nne tangu tuhame kikohozi cha mama kilishuka kifuani. Alifariki siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Kabla wanawake hawajafika kumwosha niliandika tanzia. Niliandika jina lake kamili, la baba yake, mtaa, saa ya maziko. Ilikaa pale juu ya ukurasa, safi, hakuna kitu juu yake wala chini yake cha kuichafua. Nikasema, mama amepata tanzia yenye heshima. Pole kumi na mbili ziliingia. Na nilijua kwamba daraja limeshaipeleka upande wa pili.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Siku tatu za matanga nilikaa mkekani uani, nikiangalia mlango. Wanawake walikuja kutoka Kigwena. Walikuja kutoka Magara, hadi mmoja ambaye mama aliwahi kugombana naye juu ya dumu la mawese na hawakusemezana tangu hapo. Alikuja, akalia kwa sauti, akaosha vyombo. Kila gari lililosimama barabarani nilinyoosha shingo nikimtafuta rafiki yangu. Hakuja. Nikasema amekosa gari. Siku ya arobaini tukasoma khitma, wakaja hata waliokosa mara ya kwanza. Hakuja.

Watu waliona, na hakuna aliyeniuliza. Jirani yangu tu ndiye aliyesema huku anamenya vitunguu, "Dunia imeharibika, hata mutoto wa kulelewa hakuji." Sikumkanusha. Nilisema, "Ndiyo hivyo." Maneno hayo mawili yananiuma mpaka leo.

Mfiwa haulizi. Ningekuwa nimefiwa na shangazi, au na nani mwingine, pengine ningevunja mwiko huo nikatafuta mtu wa kumpelekea neno. Lakini huyu alikuwa mama yetu sote wawili. Nilimkasirikia rafiki yangu kwa niaba ya mama, na hasira ya namna hiyo haina breki, kwa sababu unajiona uko upande wa haki. Nilianza kukumbuka makosa yake ya zamani. Nilikumbuka kitambaa changu alichokiunguza mwaka sijui gani. Mchana nilipokula peke yangu katika ile nyumba ya vyumba vinne, nilikuwa nagombana naye kichwani, na kichwani nilimshinda kila siku.

Miezi saba ikapita. Siku moja asubuhi mchuuzi mwanamke alisimama mlangoni na mfuko kichwani.

"Amahoro, madame. Nimetoka Kabonga na gari ya samaki. Hii mufuko ni ya mama."

"Mama gani?"

"Mama yenu. Rafiki yako anasema hizi ndagala ni ndogo-ndogo, hazitamusumbua meno. Anasema mama apone ile kikohozi, atakuya kumuona mbele ya Noeli." Akatua mfuko, akajifuta uso. "Na wewe anauliza alikukosea nini, mbona ulimunyamazia."

Nilishika mfuko. Nilisema murakoze, asante. Nilimpa maji akanywa, akaenda zake sokoni, na sikumwambia lolote, kwa maana habari ile haikuwa ya kubebwa na mchuuzi pamoja na dagaa. Nilikaa kwenye kizingiti na mfuko miguuni. Kwa muda sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikatamani ningebaki sielewi.

Nilipiga simu Kanada kuulizia daraja. Yule mwanamke akasema, "Madame, daraja ilikufa. Ule mtandao mukubwa uliifunga, haukutaka tena. Niliwaandikia wasimamizi wote."

Kwenye nyumba yetu kuna ukurasa wa wasimamizi peke yao, na wasimamizi tulikuwa wawili, yeye na mimi. Niliufungua. Ujumbe ulikuwepo, mrefu, kwa Kifaransa cha mafundi, wa wiki tatu kabla ya kifo cha mama. Chini yake palikuwa na kidole gumba kimoja. Changu. Nilikuwa nimeuona ni mrefu, nikaweka kidole, nikapita.

Nikaurudisha mtandao wa zamani kwenye simu. Katika kundi letu sikuona mtu ninayemjua. Lilikuwa limejaa wauza dawa za nguvu za kiume. Nilipochimba chini nilikuta binamu mmoja wa Uvira ameandika mistari miwili ya kumwombea mama, siku ile ile ya maziko. Hakuna aliyeijibu. Rafiki yangu angeweza kuiona, kama mtandao ungependa aione. Bado nasema mtandao ule ni mbaya. Nasema hivyo na sina raha ya kusema.

Na watu wa mtaa, je, mbona hawakumwambia? Walikuwa wanakwenda Nyanza-Lac kila mara, wengine walikuwa wanafika mpaka Kabonga. Baadaye niliwauliza mmoja mmoja, na wote walinijibu vilevile: nani angethubutu kumwambia mtoto kwamba mama yake amekufa, wakati dada yake yupo? Walidhani nimemwambia.

Kisha nikafungua ujumbe wake kwangu. Mwanzoni ulikuwa wa kila siku, yale yale ya kuamka. Baadaye wa kila wiki. Siku tuliyomzika mama aliandika kwamba wamepata mikeke, wale samaki wanono wa ziwani, na amemkumbuka mama anavyopenda kichwa cha samaki. Siku ya arobaini hakuandika kitu. Wiki iliyofuata alituma sauti, akaandika juu yake: "Muwekee mama asikie." Niliisikiliza nimekaa kitandani kwa mama.

"Mama, ni mimi. Sijue kama yaya anakufikishia salamu. Yaya amenikasirikia juu ya mambo ya simu. Wewe mwambie aache. Mwambie mimi sina kichwa ya mambo hayo, nilisema tu ukweli. Mama, kunywa maji ya moto na tangawizi. Nitakuya."

Sikumjibu kwa maandishi. Kwa mara ya kwanza tangu nishike simu nilijua kuna jambo ambalo haliandikwi. Nilitafuta gari siku mbili, siku ya tatu nikapata kiti cha mbele cha gari lililokuwa limesheheni magunia ya muhogo. Tulipita Kigwena, michikichi pande zote mbili, tukapita Nyanza-Lac, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi moja, naipanga naivunja, mimi niliyefundisha watoto wa watu kuandika insha.

Nilimkuta anatandaza ndagala juani kwenye vichanja, mikono inang'aa magamba. Aliponiona alipiga kelele ya furaha mpaka wenzake wakageuka.

"Yaya! Ulikuya! Hata neno hukutuma!" Akafuta mikono kwenye kitenge, akanikumbatia kwa viwiko asinichafue. "Mama ulimuacha na nani?"

Ile sentensi yangu ilitoweka. "Mama hayupo," nilisema.

"Alienda wapi?"

"Tulimzika."

Alinitazama. Nikaona anangoja niseme jingine. Nilieleza kila kitu pale pale nimesimama, daraja, kidole gumba, mwezi wa nne, Jumatano, nikasikia jinsi maelezo yangu yalivyokuwa marefu na ya kijinga kwenye harufu ile ya samaki. Hakulia. Aliniacha nikamaliza.

"Watu wa Magara walikuya?"

"Walikuja."

"Na yule mama wa dumu ya mawese?"

"Alikuja."

"Na juu yangu mulisema nini?"

Nikatazama vichanja.

"Mulisema sikukuya," akasema. Aliinama akaokota ndagala wawili waliodondoka mchangani, akawarudisha kwenye kichanja. "Rudi nyumbani, yaya. Mutu hapewi kilio ya mama yake hapa kwenye samaki. Enda ukae chini. Mimi nitakuya kilioni."

Hakunipa hata maji, na sikustahili. Nilirudi na gari lile lile lililonileta.

Kesho yake nilifagia ua, nikatandika mkeka pale pale ulipokuwa, nikafunga kitambaa, nikakaa chini. Jirani alipita na beseni la maharage, akasimama.

"Yarabi. Nani amekufa?"

"Mama."

Alinichunguza vizuri. "Mama gani?"

"Mama yangu."

"Yule tulizika?"

"Huyo huyo."

Aliondoka haraka, akarudi na jirani mwingine na chupa ya chai, na niliona wameshakubaliana kwamba uzee umenipanda kichwani. Nikawaeleza. Nilisema na lile nililojibu siku ya vitunguu, kwamba ndiyo hivyo, nalo lilikuwa uongo. Yule jirani wa maharage alivua ndala zake polepole, akaketi pembeni yangu, akavuta beseni akaanza kuchambua. Alasiri walikuwa watano. Imamu alipita akasema kwa upole kwamba matanga ya mara ya pili hayamo katika dini. Nilimwambia najua. Akasimama kidogo, akasoma dua fupi, akaenda.

Siku ya pili tukakaa. Siku ya tatu nilimsikia kabla sijamwona. Alianza kulia kule barabarani aliposhuka, kama ipasavyo, sauti ikaja nayo ikikua, "Mama weee, mama ulienda bila mimi," na watu wakatoka milangoni kutazama nani mwenye msiba mpya. Aliingia uani, amefunga kitenge cheusi. Alinipita. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama, na huko tulisikia kilio ambacho sijawahi kukisikia hata siku mama alipofariki. Wanawake wote wakaanza kulia upya. Nami nililia, na nilitamani mtu mmoja alie nami, lakini alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Alikaa siku tatu kamili. Alifanya kila kitu anachofanya binti. Alichota maji, alipika, alifagia, alilala chumbani kwa mama chini sakafuni. Jioni wanawake walipokusanyika aliwasimulia vituko vya mama tulipokuwa wadogo, na alivisimulia vizuri, watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Katika visa hivyo mimi nilikuwemo. Alisema "yaya alifanya hivi, yaya alianguka vile," akiwatazama wao. Kwangu alisema maneno ya kazi: chumvi iko wapi, makaa yamekwisha. Nilingoja tubaki wawili tu. Kila mara alikuwepo mtu, na asipokuwepo mtu yeye alikuwa na ndoo mkononi anakwenda bombani.

Siku ya nne asubuhi alitoka chumbani na kikapu chake. Alikunja mkeka wake akauegemeza ukutani, akajifunga kitenge vizuri.

Kwetu kilioni watu hawaagani. Anayeondoka husimama akaenda zake. Hasemi kwaheri, hashiki mikono, hasindikizwi, ili msiba usimfuate nyumbani kwake. Na mfiwa hainuki kwenye mkeka. Alifanya sawasawa na inavyotakiwa. Nami nikabaki nimekaa kama inavyotakiwa, nikatazama mgongo wake ukivuka ua, ukapita mlangoni, ukaenda barabarani.

Mtu aliyenisamehe angeondoka vile vile. Na mtu asiyetaka kuniona tena angeondoka vile vile. Nilikaa pale mpaka jua likanifikia miguuni, nikiwaza nani angeweza kuniambia ni ipi kati ya hizo mbili. Aliyemjua kiasi hicho alikuwa mmoja tu, mama.